Gauni Lisilo na Pa Kuingilia

Kazi yangu dukani kwetu ni vifungo, zipu na mapindo. Dada anakata na kushona, mimi namalizia. Watu huona kumalizia ni kazi ndogo, nami siwasahihishi, maana mtu anayekudharau huwa hakusumbui. Lakini najua jambo moja ambalo wao hawalifikirii hata siku moja. Nguo yoyote, ya harusi au ya shule, lazima iwe na mahali mtu anapoingilia. Mahali hapo ndipo penye kazi yangu.

Kwa hiyo shemeji alipotuonyesha picha ya gauni lisilo na pa kuingilia, mimi ndiye niliyeona kasoro kabla ya wengine wote.

Shemeji ni mume wa dada. Anachora mabango: saluni, duka la dawa, fundi viatu, kinyozi. Hayo ndiyo yanayomlisha. Ukimuuliza kazi yake atakwambia ni mchoraji, basi, na ukiongeza neno "mabango" mtakuwa mmekosana kwa siku hiyo. Picha zake anazoziita za kweli huzichora nyuma ya mabango yaliyochakaa, na zote huzitoa ndotoni. Namna anavyoota ni kituko. Baada ya chakula cha mchana hutambaa chini ya meza ya kukatia, pale tunapotupia mabaki ya vitambaa, akajilaza juu ya lundo na kukoroma huku mkasi wa dada ukipita juu ya kichwa chake. Anadai kitambaa cha siku hiyo humwingia usingizini. Tukikata shifoni anaota nguo zinazopaa. Msimu wa sare za shule aliota kaptula zimepanga foleni bila mtu ndani, akazichora zote, na dada akaigeuza picha ile itazame ukutani. Alisema inamkumbusha kazi iliyobaki.

Mimi na ndoto hatujuani. Nikilala nimelala. Lakini sitamnyima mtu haki yake: shemeji alijua kuchora kitambaa. Ukitazama pindo alilolichora unajua ni pamba au hariri, na unajua kama lilipigwa pasi au la.

Shida yake ilikuwa watu. "Huyu mwanamume anaona nguo, haoni mtu," dada alikuwa akisema, na alikuwa na ushahidi. Siku moja alijifunga kitambaa kipya kichwani akaenda sokoni, wakapishana na mumewe penye kona. Shemeji akamwamkia kwa heshima zote, "Habari za leo, mama," akapita zake. Mke wake wa ndoa! Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Dada naye alicheka, lakini alicheka nusu, na jioni ile alipiga pasi shati moja mara mbili bila kujua. Jambo lile lilimuuma. Mimi nilikuwepo na niliona.

Siku ya ndoto yenyewe tulikuwa tukikata bitana ya makoti ya wafanyakazi wa hoteli. Bitana ni kile kitambaa cha ndani kinachoteleza, ambacho mvaaji anakijua na mtazamaji hakijui. Ilikuwa ya kijivu. Shemeji akatoka chini ya meza nyuzi zimemjaa nywele, hakuomba chai, hakumjibu mtu. Akageuza bango la kinyozi aliyefunga kazi, akaanza. Akachora siku kadhaa, na mteja wa bango la maziwa alikuja akaambulia maneno matupu.

Picha ilipokwisha, ilikuwa gauni moja limechorwa mara nne, likigeuka: mbele, nyuma, na mbavu zote mbili. Kitambaa chake ni ile ile bitana ya kijivu. Shingo imepanda mpaka chini ya kidevu, mikono imebana hadi kwenye vifundo, kiuno kimekaza, na kuanzia hapo sketi inateremka nzito mpaka sakafuni. Juu ya shingo hapakuwa na kichwa. Palikuwa na rangi ya ukuta tu.

Nililizunguka kwa macho mara nne. "Shemeji," nikamwambia, "vifungo viko wapi?"

"Havimo."

"Zipu?"

"Haimo."

"Kichwa hakipiti shingoni, mabega hayapiti kiunoni. Mtu anaingia vipi?"

"Alikuwa ameshaingia."

"Na anatokaje?"

Shemeji akafikiri kwa dhati, kwa sababu mambo kama hayo huyachukulia kwa dhati. "Hatoki," akasema.

Dada hakuinua uso kwenye cherehani. "Hatoki! Kama mimi hapa dukani."

Ingeishia hapo, kama si mama wa ukumbi wa sanaa kuharibikiwa na zipu. Huyo ni mwanamke mwenye miwani mikubwa anayeamua picha za nani zitundikwe katika ukumbi wa mji. Shemeji alikuwa amepeleka picha kule kwa miaka, na kwa miaka amerudishwa na mtu wa getini. Sasa mama mwenyewe alikuwa amesimama kwetu, sketi imefungwa pini ubavuni, akisubiri nimalize. Akaliona bango la kinyozi. Akalizunguka, akainama, akasahau kwamba amefungwa pini, ikamchoma.

"Nani kachora hii?"

Tukamwonyesha shemeji kwa vidole.

Alisema anaitaka kwenye maonyesho yanayokuja. Ila hakutaka picha peke yake. Alitaka na gauni lenyewe, limeshonwa, limevaliwa na mtu anayesimama kando ya picha siku ya ufunguzi. Watu waone ndoto na kitambaa mahali pamoja. "Lakini vifanane," akasema. "Nitakuja kuliona kabla. Visipofanana, nafasi hiyo kuna mchongaji anaingoja."

Alipoondoka shemeji aliketi kwenye kigoda, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Hajawahi kutaka kitu kingine maishani. Ninaposema hivyo sitii chumvi: mtu huyu hata harusi yake alichelewa kwa sababu rangi ya bango fulani ilikuwa haijakauka. Sasa mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, na kilichobaki kilikuwa mikononi mwa mkewe.

Dada alikubali. Alikubali bila maneno matamu, jinsi anavyokubali oda ya sare. Binti yao ndiye angevaa. Sisi tunamwita Ngongoti, kwa urefu wake, na alikuwa nyumbani akijisomea mitihani ya chuo. Mimi nikaleta shauri la kitaalamu: zipu ya kujificha ubavuni, ile ambayo meno yake hayaonekani. Nimezishona zipu hizo kwa maharusi ambao mama zao wenyewe walizitafuta kwa vidole wasizipate.

Tukashona gauni la kwanza la majaribio. Nikaiweka zipu kwa mkono, polepole. Ngongoti akavaa, akasimama katikati ya duka. Shemeji akatazama kwa muda mfupi tu.

"Iko hapo," akasema akionyesha ubavu wa kushoto. "Mwanga unakatika hapo."

Nilikereka, nasema wazi. "Wewe ndoto yako ilikuwa na mwanga gani usiokatika?"

"Haikuwa na zipu, shem."

"Ndoto haiendi chooni, shemeji! Huyu mtoto atakwenda!"

"Mama mdogo, nitavumilia," akasema Ngongoti.

Lakini zipu haikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kwamba gauni halikufanana na picha, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini. Kitambaa kile kile, shingo ile ile, kiuno kile kile, na bado ukitazama picha kisha ukamtazama Ngongoti ulikuwa unatazama nguo mbili za koo tofauti. La picha lilikuwa na uzito wa mtu. La kwetu lilikuwa gauni zuri la kijivu.

Dada alifumua, akakata jingine. Likawa lile lile. Akakata jingine tena. Shemeji akawa hali, anazunguka nje ya duka akipiga teke vijiwe.

"Bega ndilo linalokusumbua," dada akamwambia. "Umelikosea. Tazama, la kushoto umelishusha. Mimi kila nikikata nakurekebishia, wewe unaona tofauti. Hebu chukua brashi ulinyooshe, tumalize."

"Sikulikosea."

"Mabega ya watu yako sawa, baba Ngongoti."

"Kwenye ndoto halikuwa sawa."

"Basi uliota bango lililotundikwa vibaya!"

Wakaacha kusemeshana. Duka letu ni chumba kimoja, na watu wawili wasiosemeshana ndani ya chumba kimoja humfanya wa tatu kuwa mjumbe. Mwambie shemeji yako anipishe. Mwambie dada yako sijamzuia. Nilichoka. Ngongoti, mwenye akili, alichukua vitabu vyake akarudi chuoni.

Alasiri moja nilikuwa nashona koti la kazi la dada. Hapo lazima nieleze. Dada hajishonei. Amevalisha nusu ya mji, na yeye mwenyewe ana makoti ya kazi ya bluu, ambayo mimi ndiye ninayemshonea, jipya kila la zamani linapochanika. Simpimi tena. Natumia la zamani kama kipimo na kukumbuka marekebisho: bega la kushoto lishuke vidole viwili, kwa ajili ya miaka ya kuinamia cherehani, na kichwa cha mkono, pale mkono unapoungwa na bega, kisogezwe mbele kidogo. Nikishona bega lililo sawa, koti linamvuta shingoni analalamika mchana kutwa.

Nilikuwa nimefika kwenye bega hilo. Nikainua macho niyapumzishe. Mbele yangu dada amenipa mgongo, anaendesha cherehani. Mbele yake, ukutani, bango, na gauni la pili katika yale manne nalo limenipa mgongo.

Niliweka sindano chini. Sikuhitaji tepu.

Shemeji alikuwa mlangoni, amenuna. Nikamwita ndani. "Shemeji, uliyemwota alikuwa nani?"

"Sikuota mtu. Niliota gauni."

"Gauni halina bega, shemeji. Bega ni la mtu." Kisha nikamwambia dada, "Simama. Usigeuke."

Akasimama, kwa sababu ya sauti yangu nadhani. Si kawaida yangu kumwamuru. Shemeji akatazama bango. Akamtazama mkewe. Akalitazama bango tena. Nilitarajia aseme alijua. Hakujua. Mtu yule alikuwa amelala chini ya meza miaka yote ile, kichwa chake miguuni pa mkewe, na bega lile lilikuwa limemwingia pamoja na vitambaa bila yeye kupewa habari.

"Haki ya Mungu," akasema, "sikujua."

Dada akageuka. Alipoelewa, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kwa hiyo mimi nimepinda?"

"Hujapinda. Ndivyo ulivyo."

Nilifumba macho. Mwanamume anayejua kuchanganya rangi zote hizo, na hilo ndilo jibu alilolipata! Nilingoja kusikia kitu kikirushwa. Nilipofumbua, dada alikuwa bado amesimama, mkono wake wa kulia umeshika bega la kushoto, unalipapasa taratibu.

Niliona wivu. Sina sababu ya kuficha. Mimi sina mtu ambaye bega langu limewahi kumwingia usingizini, hata kwa bahati mbaya.

Dada akachukua zile karatasi za vipimo vya Ngongoti, akazichana. "Mdogo wangu," akaniambia, "nipime."

Hakuwa amepimwa tangu gauni lake la harusi. Nikampima shingo, kifua, kiuno, mikono, na mabega yote mawili, kila moja kivyake. Usoni hakuonyesha kitu, lakini alisimama wima kuliko nilivyowahi kumwona, kasoro pale ambapo mwili wenyewe ulikataa.

"Na pa kuingilia?" nikauliza.

"Halina. Utanishonea mwilini."

Duka letu lina sheria mbili. Ya kwanza: hakuna kushona nguo ikiwa mwilini mwa mtu, kwa sababu sindano haichagui. Ya pili: hakuna anayegusa mkasi wa dada wa kukatia. Ya pili iliwekwa kwa ajili ya shemeji, aliyewahi kuutumia kukata msasa. Ukatoka umekuwa butu kama kijiko. Dada hakumpigia kelele. Aliuchukua, akaunoa mwenyewe, akaupigilia msumari wake ukutani, na tangu siku ile shemeji hata karatasi alikuwa akiichana kwa mikono.

"Sheria je?" nikasema.

"Niliiweka mimi," akajibu dada.

Mama wa ukumbi alikuja kabla ya siku yenyewe, kama alivyoahidi. Gauni lilikuwa limekwisha isipokuwa mshono mmoja wa kushoto, kutoka shingoni, juu ya bega, kushuka mpaka nyongani. Nikalishikiza kwa pini mwilini mwa dada. Mama wa ukumbi alivua miwani, akaivaa. "Ndilo," akasema, na akaandika kitu. Mchongaji akakosa nafasi. Shemeji alitoka nje ya duka akakaa kwenye ngazi ya jirani, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni rangi.

Siku ya ufunguzi nilimshonea dada katika chumba cha nyuma cha ukumbi, penye ndoo na viti vilivyovunjika. Nilianzia nyongani kupanda juu, mishono midogo, uzi wa rangi ile ile. Kwenye mbavu nilimchoma mara moja. Nilipofika kwenye bega nilipunguza mwendo, maana ndipo palipokuwa na kazi yote. Nilipofunga fundo la mwisho chini ya sikio lake hapakuwa tena na mlango. Akavuta pumzi, kitambaa kikakubali.

"Unajisikiaje?" nikamuuliza.

"Kama bitana," akasema, akatoka.

Akasimama kando ya bango mchana kutwa. Watu walikuja, wakatazama magauni manne yasiyo na kichwa, kisha wakamtazama dada, aliyekuwa nacho. Bwana mmoja mwenye shali alimuuliza ni kipi kilitangulia, nguo au picha. "Bega," dada akamjibu. Yule bwana akatikisa kichwa kana kwamba amefundishwa kitu kizito. Shemeji alikuwa amesimama upande wa pili wa bango ndani ya suti iliyokuwa na vifungo vyangu, na kila mtu aliyempa mkono alimkuta anamtazama mkewe. Nilihesabu hilo kuwa maendeleo.

Watu walipopungua, jua likiwa bado madirishani, mama wa ukumbi akasema gauni libaki. Litatundikwa kando ya picha mpaka maonyesho yaishe. Tukarudi chumba cha nyuma, dada, shemeji na mimi. Nikatoa kifaa changu cha kufumulia. Nilijua kila mshono ulipo, ningelifungua bila kovu.

"Si wewe," dada akasema.

Akaingiza mkono katika mkoba wake, akatoa kitu kilichofungwa kwa flana. Akakifungua. Ulikuwa mkasi. Akaushika upande wa makali, akamnyooshea mumewe mpini.

"Nitoe," akamwambia.

Shemeji aliweka mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa. "Nitaliharibu."

"Liharibu."

"Nikate wapi?"

Nilifungua mdomo nimwonyeshe mshono. Dada alinikata jicho, nikaufunga.

Basi shemeji akaupokea mkasi. Hakutazama mlangoni, kule bango lilikokuwa. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya bega lile, kikatulia pale muda mrefu kuliko kipimo chochote kinavyohitaji. Kisha akaanza kukata. Alikata vibaya sana. Hakuufuata mshono wangu hata kidogo. Alikwenda upogo, akasimama, akaendelea, akihakikisha kila mara kwamba kidole chake kiko kati ya chuma na ngozi. Gauni likafunguka kama ganda. Dada akatoka ndani yake kwa mguu mmoja, kisha wa pili, akabaki na shimizi, nami nikamvisha koti lake la bluu.

Gauni likatundikwa hivyo hivyo, limepasuka begani, kando ya picha isiyo na mpasuko. Nasikia watu walidhani ilikuwa makusudi ya msanii.

Tulirudi kwa miguu. Mimi nilikuwa nyuma yao kidogo, na nilisikia kila kitu, maana kusikia ni sehemu ya kumalizia. Shemeji alikuwa hajaurudisha mkasi. Aliubeba ncha chini, mbali na mwili, na dada hakuuomba. Tulipofika penye ile kona ya sokoni shemeji akasimama.

"Bega hilo," akasema, "linauma?"

Dada naye akasimama. "Linauma."

"Tangu lini?"

"Tangu Ngongoti akiwa mgongoni."

Shemeji akamvua mkoba uliokuwa ukining'inia kwenye bega lile, akauvaa yeye, wakaendelea.